Tulipoliombea Gari la Shemeji Lipate Mnunuzi

Tangazo la kwanza niliandika mimi, kwa sababu katika nyumba ya dada yangu na mumewe mimi ndiye niliyekuwa na shahada isiyo na kazi. Shemeji aliniita gerejini, akanigeuzia ndoo niikalie, akasema, "Andika, msomi. Lakini usilisifu kupita kiasi, watu watakuja."

Nikamwuliza kama kuja kwa watu si ndiyo shabaha ya tangazo.

"Maswali yako," akasema, "ndiyo yanakufanya ukalie ndoo."

Nikaandika. Akasoma, akafuta neno "maridadi." Akafuta "bei ya kuelewana." Mwishoni akaongeza kwa mkono wake maneno ambayo sijawahi kuyaona kwenye tangazo lingine lolote: mwenye haraka asipige simu.

Lilikuwa gari la Kimarekani la miaka ya sitini, milango miwili, pua ndefu ya kutosha kuandalia watu wanne chakula, na injini ya silinda nane. Wamarekani huyaita magari ya misuli, na mtu akiliwasha alielewa kwa nini: vikombe vya kabati la jikoni vilianza kugongana. Shemeji alilikuta kwenye shamba la ng'ombe magharibi mwa Fort Worth, huko Texas, nyasi zimetoboa sakafu na nyigu wamejenga ndani ya kiti cha dereva. Yeye kazi yake ilikuwa kukereza vyuma katika kiwanda cha vipuri vya ndege, na kwa miaka sita, kila alipotoka kazini, aliingia gerejini kabla hajaingia nyumbani. Alilivua likabaki mifupa. Alilipiga msasa, akalipaka rangi ya bluu iliyokolea, akaliona lina doa lisiloonekana na mtu mwingine yeyote, akalipiga msasa upya.

Sasa lilikuwa limekamilika, na lilikuwa linauzwa. Angalau dada yangu aliamini linauzwa.

Hospitali moja kubwa ya Houston ilikuwa imempa dada cheo ambacho Arlington, tulikoishi, angekingoja hadi nywele zigeuke rangi. Miezi minne alikuwa akiishi kama mwanafunzi wa bweni: Jumatatu hadi Ijumaa analala chumba cha muuguzi mwenzake kule Missouri City, kando ya Houston, Ijumaa jioni anapanda barabara kuu hadi Arlington, Jumapili anashuka tena. Alikuwa amepata nyumba Pearland, hukohuko kando ya Houston, ya matofali, karibu na barabara ya kumfikisha hospitalini. Mwenye nyumba alikubali kungoja hadi mwisho wa mwezi. Pengo la fedha lililobaki lingezibwa na gari. Dada alikuwa ameshaapa kwamba lisipozibwa, ataacha kazi ile na kurudi wodi yake ya zamani, kwa sababu alichoka kuwa na mume wa wikendi.

Kwa hiyo gari lilipaswa kuuzwa, na watu wa kulinunua walikuja. Tatizo lilikuwa kwamba shemeji aliwahoji.

Wa kwanza alikuwa kijana wa kofia pana. Aliuliza linakwenda kasi gani. Shemeji akamwuliza kama ana watoto. Kijana akasema hana. Shemeji akatikisa kichwa polepole, kama daktari aliyeona picha ya mapafu, akampa mkono wa kwaheri.

Wa pili walikuwa mume na mke. Shemeji aliwauliza litalala wapi. Wakasema nje, chini ya turubai zuri. "Turubai zuri," shemeji alikariri kwa sauti ya msiba, akafunga boneti.

Wa tatu alikuwa mtu mzima, mtaratibu, mwenye gereji ya kuwashwa taa na kupozwa hewa. Nilidhani huyo ndiye. Lakini alitaja, kwa kupitia tu, kwamba angelipaka rangi nyeusi. Shemeji akasema atampigia simu. Hakumpigia.

"Shemeji," nikamwambia siku hiyo, "unauza gari au unaoza binti?"

"Gari si nyanya."

"Nyanya zinauzwa, lakini."

"Kabureta bado haijatulia," akasema, huku akiifuta kwa kitambaa. "Siwezi kumwuzia mtu gari ambalo kabureta yake haijatulia. Ni dhambi."

Hiyo kabureta ndiyo aliyomwambia dada kila Ijumaa. Dada alipouliza imekuwaje, jibu lilikuwa kabureta. Mimi sijui mengi kuhusu magari, lakini nilijua injini ile ilinguruma kila asubuhi bila kukohoa hata mara moja, na nilijua vikombe vyetu vilikuwa mashahidi. Sikusema. Nilikuwa nakula kwao.

Dada naye hakugombana. Hakuwa mtu wa kugombana. Alifanya jambo baya zaidi: aliuita ushirika.

Wasiowajua watu wetu wa Arlington lazima waelezwe hapa. Ushirika wetu wa maombi, wa Wakenya wa mji ule, ulikutana Jumamosi alasiri, nyumba kwa nyumba, na ulikuwa na wauguzi, wahasibu, wanafunzi, madereva wa foko za kuinulia mizigo maghalani, na wale wachache waliokuja kwa ajili ya chapati. Tuliimba, tukasoma, tukaombeana. Na kuombeana kulikuwa ndiyo posta yetu. Jambo ambalo mtu hangeweza kumwambia mwenzake usoni alimwambia Mungu, kwa sauti, mwenzake akiwa amesimama karibu na macho yamefumbwa. Niliwahi kumsikia mama mmoja akimshukuru Mungu kwa ndugu wote wanaoazima sufuria kubwa za wenzao na kuzikumbuka. Hakutaja jina. Kabla chai haijaisha sufuria ilikuwa imetolewa kwenye buti la gari fulani, na hakuna aliyemwuliza mwenzake lolote.

Mimi wakati huo nilikuwa katika ile hali ya kutokuamini mambo mengi, na nilikuwa na tabia ya kuomba macho wazi. Nilijitetea kwamba ni utafiti. Nilitaka kujua, kwa mfano, kama Mungu anayejua yote anahitaji kuelezwa habari za sufuria. Nilipomwuliza kiongozi wa ushirika, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, ambaye alitunza wazee katika makao fulani, alinitazama kwa huruma nyingi akasema, "Mwanangu, oa kwanza. Samahani, olewa. Halafu utajua maombi ni ya nani."

Basi Jumamosi hiyo zamu ikawa yetu. Tulipomaliza kuimba, dada akasimama kwa upole, mikono ameifumbata mbele ya sketi yake, akasema ana ombi moja dogo. Linahusu gari. Angeomba ndugu waje gerejini waliwekee mikono, lipate mnunuzi kabla ya mwisho wa mwezi.

Nilimwangalia shemeji. Alikuwa na kikombe njiani kuelekea mdomoni, na kikombe kilisimama hapohapo.

Hebu fikirieni mtego huo. Hakuna Mkenya wa ushirika ule anayeweza kukataa maombi. Unaweza kukataa mkopo, unaweza kukataa kuwa mshenga, unaweza hata kukataa kuimba kwaya ukisema una koo. Lakini ukisema "hapana, msiombe gari langu liuzwe," umeshasema mengine yote.

"Amina," alisema shemeji, kwa sauti ya mtu anayetia sahihi.

Tukajipanga gerejini watu kumi na wanne, joto la Texas likiingia chini ya mlango kama maji ya mafuriko. Sheria za shemeji kuhusu gari lile zilijulikana: usilisogelee ukiwa na pete, usilisogelee ukiwa na mkanda wenye kishikizo cha chuma, na usiliguse, kamwe, kwa mkono mtupu. Kiongozi wa ushirika alikuwa ameshanyoosha viganja vyote viwili, vikiwa bado na mafuta ya chapati.

"Mama, subiri kidogo," alisema shemeji, akakimbilia kabati. Alirudi na rundo la vitambaa laini akaanza kuvigawa, kimoja kimoja, kama mgawa vitabu vya nyimbo. "Kila mtu ashike na chake. Tafadhali. Msisugue."

"Baba," alisema kiongozi, "upako utapitaje kwenye kitambaa?"

"Si leso za mtume zilikuwa zikiponya watu, Mama? Na ndani hakukuwa na mkono."

Kiongozi alifikiri. Ilikuwa hoja safi, nami nikaisifu kimoyomoyo. Akakubali kitambaa chake. Tukaweka mikono: wawili kwenye kila bawa la mbele, juu ya tairi, wengine kwenye paa, na mimi nikapewa taa ya nyuma upande wa kulia, mahali pazuri pa kuona nyuso zote.

Kiongozi akafungua. Alimshukuru Mungu kwa vyombo vya usafiri vya kila namna, akaelezea hali ya uchumi, akaomba mnunuzi atoke mashariki au magharibi, popote alipo, aketi na asiwe na raha hadi alione tangazo.

Kisha dada.

"Baba," alisema, macho yamefumbwa, sauti laini kabisa, "wanunuzi umetuletea. Watatu umeleta. Mimi nakushukuru. Lakini wewe wajua ni nani anayewafunga mlango. Mimi sitamtaja, Baba. Yuko hapa."

"Amina!" walisema watu, baadhi kwa furaha iliyopita kiasi.

Shemeji hakungoja nafasi yake ifike. "Baba Mtakatifu, asante kwa mke huyu mwenye bidii. Nakuomba umpe subira. Utupe mnunuzi wako mwenyewe, si yeyote tu. Tuepushe na watu wa turubai. Wewe huna haraka, Bwana."

"Huna haraka, Baba," alidakia dada, "lakini mwenye nyumba wa Pearland anayo."

Mtu alicheka karibu na tairi la mbele akageuza kicheko kuwa kikohozi. Mimi nilibana midomo. Nilikuwa nimewahi kuona watu wakibishana, na nilikuwa nimewahi kuona watu wakiomba, lakini hii ya kurushiana maneno kupitia mbinguni kwa adabu kamili, kila mmoja akimgeuzia mwenzake shavu, ilikuwa kama kutazama tenisi ambayo mpira lazima kwanza upite juu ya paa.

Ndipo akajitosa mzee mmoja Mkongomani, mgeni kabisa wa ushirika, aliyefanya kazi katika ghala moja na mmoja wa wahasibu wetu na kuletwa naye siku hiyo. Hakuna aliyekuwa amemweleza ajenda. Alikuwa amesimama karibu na boneti iliyo wazi, na nilimwona akitazama injini kwa macho mawili yaliyo wazi kama yangu.

"Baba Mungu," alisema kwa kile Kiswahili chao kinachotambaa taratibu, "Papa, sisi tunakuaksanti. Hii motokari ni muzuri sana. Sana, Papa. Mutu mwenye alitengeneza hii, ulimupatia mikono. Kama ni mapenzi yako, Papa, isiuzwe."

Hakuna aliyesema amina. Kisha shemeji alisema, peke yake, kwa sauti kubwa: "Amina."

Dada alishusha pumzi kupitia puani. Niliujua mpumuo huo tangu utotoni. Ulikuwa ukitangulia kofi. Nilidhani sasa tutaona mwisho wa maombi na mwanzo wa jambo lingine. Lakini shemeji alikuwa hajamaliza. Sijui ni maneno ya yule mzee ndiyo yaliyomfungua, au ni joto. Aliendelea kuomba, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Haikuwa tena sauti ya kujibu.

"Baba," alisema, "wewe wajua kabureta haina neno."

Nikaacha kubana midomo.

"Haina neno tangu mwezi wa kwanza. Bwana, hapa mimi najulikana. Kiwandani wananijua. Nikitembea mtaa huu watoto wanasema yule ndiye mwenye lile gari. Wazungu wa mtaa huu, waliokuwa hawanisalimu, sasa wanavuka barabara kuja kuniuliza habari za injini. Huko Houston nitafika kama nani? Mume wa nesi. Nitakaa kwenye nyumba aliyoipata yeye, karibu na kazi aliyoipata yeye, nipashe chakula nikimngoja. Sina kazi kule. Nina umri huu, nianze kupeleka barua za maombi kama huyu shemeji yangu hapa ambaye hata kwa shahada hawamtaki."

Nilipokea hiyo bila kupepesa.

"Naogopa, Bwana. Siwezi kumwambia. Yeye anafurahi sana."

Tuliobaki hatukujua kama kuitikia ni adabu au ni kukosa adabu. Nikamtazama dada, na dada, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kufumbua macho katikati ya maombi, ambaye alinifinya mara mia kanisani kwa kosa hilo, alikuwa ameyafumbua. Alikuwa anamtazama mumewe aliye upande wa pili wa gari, kichwa ameinamisha, kitambaa amekikunja mkononi.

Halafu akafumba tena, nadhani kwa sababu hakujua njia nyingine ya kumjibu.

"Baba," alisema, na sasa alikuwa analia kidogo na kukasirika kidogo, "mimi sikujua. Hakuniambia. Miezi minne ananiambia kabureta. Mimi nilidhani analipenda gari kuliko mimi, nikasema sawa, ni gari, nitalishinda. Mwambie mimi sifurahi kule. Mwambie nakula mkate chumbani kwa watu, nimekaa kitandani, nimeshika sahani. Mwambie hiyo nyumba nilimtafutia yeye. Niliikataa nzuri kuliko hiyo kwa sababu gereji yake ilikuwa ndogo."

Hapo shemeji akainua kichwa, macho yakiwa wazi kabisa.

"Ilikuwa ndogo kiasi gani?" aliuliza. Hakumwuliza Mungu.

"Ya gari moja," alisema dada.

"Na hii?"

"Mbili na nafasi ya meza ya kazi."

"Amina!" alinguruma kiongozi wa ushirika kwa haraka ya mtu anayefunga mlango kabla ng'ombe hawajatoka tena. "Amina na amina. Watu wa Mungu, chai inapoa."

Tukatoka wote mbio kwa heshima, tukiwaacha wawili hao gerejini. Nilichelewa mlangoni kwa ajili ya utafiti, na nilichokiona ni shemeji akizunguka gari na kitambaa, akifuta mahali ambapo kila mtu alikuwa ameshika, na dada akimfuata nyuma na kitambaa chake, akifuta palepale alipokwisha kufuta yeye, naye akimwonyesha asikandamize sana. Chai yao ilinywewa na yule mzee Mkongomani.

Jumatano iliyofuata alikuja dereva mstaafu wa mabasi ya shule kutoka Fort Worth, akilalamikia goti. Nilikaa tayari kusikia mahojiano. Shemeji alimpa ufunguo. Mzee akaenda nalo hadi mwisho wa mtaa, akarudi, akakaa kitambo ndani bila kulizima. Wakaongea habari za gasketi. Shemeji hakuuliza kuhusu watoto, hakuuliza litalala wapi, na rangi haikutajwa. Mara moja tu nilimwona akifungua mdomo, akanitazama mimi, akaufunga. Lilipolipiwa likaondoka, alibaki kwenye njia ya gari akisikiliza hadi sauti ilipomezwa na barabara kubwa, na vikombe vya kabati vikatulia. Sikumtania. Niliosha vyombo vyote siku hiyo, hata visivyokuwa vichafu.

Ushirika ulilipokea jambo hilo kama ushuhuda. Nilijaribu kueleza kwamba mnunuzi alisema mwenyewe aliona tangazo siku mbili kabla hatujaomba, kwa hiyo kwa mpangilio wa matukio maombi hayangeweza kuwa chanzo. Kiongozi alinisikiliza hadi mwisho.

"Na tangazo nani aliandika?"

"Mimi."

"Basi na wewe umetumiwa," alisema, akaniongezea chapati.

Bado natafuta jibu la hilo.

Tulihamia Pearland siku ya mwisho ambayo mwenye nyumba alituruhusu. Lori lililotangulia liliendeshwa na yule mzee Mkongomani, ambaye sasa alikuwa rafiki wa shemeji wa kufa na kuzikana. Sisi watatu tulifuata kwa kigari cha dada cha Kijapani, mimi nyuma nikiwa nimepakata jiko la umeme la kupikia wali na pazia la bafu, dada kwenye usukani. Shemeji, mtu aliyejenga injini kwa mikono yake, alikaa kiti cha abiria, magoti yamegusa dashibodi, mikono haina kazi. Kazi ya Houston alikuwa bado hajaipata. Alikuwa na anwani za karakana tatu kwenye karatasi mfukoni mwa shati, na kila baada ya maili chache aliigusa kuona kama ipo.

Njiani, karibu na mji wa Corsicana, dada alilipita lori la mafuta kwa namna ambayo hata mimi nilishika pazia.

"Ee Bwana," alinong'ona shemeji, macho yamefumbwa.

"Ukiwa na neno," alisema dada bila kugeuka, "niambie mimi."

Shemeji akafumbua macho. Akafikiri.

"Unaendesha vibaya," akasema.

"Ahaa."

"Na gia ya tatu unaichelewesha."

"Endelea."

Akaendelea hadi Houston.